Kurekebisha klachi ya pikipiki: wapi spana inatosha na wapi injini ifunguliwe

Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa nabeba magunia kutoka mashamba ya Mtambile kupeleka Chake Chake. Vilima vya Pemba si virefu, lakini haviishi. Ukimaliza kimoja unateremka bondeni, na kingine kinakungojea. Siku ya tatu, nikiwa kwenye mpando na magunia mawili nyuma, injini ikaanza kulia huku mwendo uko palepale. Nikaegesha chini ya mwembe, nikatoa spana, nikaukaza waya wa klachi. Niliamini klachi imelegea, na kilicholegea hukazwa. Mpando wa pili ikaja harufu ya kuungua, ile ya mkanda wa mashine ya kusaga unapoteleza. Jioni haijafika, pleti zote zilikuwa zimekwisha.

Fundi aliyeifungua alikuwa mtu mzima. Aliniwekea pleti moja kiganjani, nyeusi, imelainika kama kigae kilichosuguliwa, akanambia: "Mwanangu, ukikaza waya huikazi klachi. Unailegeza."

Tangu siku ile nimerekebisha klachi nyingi, zangu na za wenzangu wa kijiweni, na bado naliona kosa langu likirudiwa na watu wenye akili zao timamu. Ndiyo maana naandika. Haya ni ya mwenye pikipiki ya kawaida ya gia, injini ya cc 100 hadi 150, zile tunazopakia abiria, mihogo, samaki na karafuu.

Klachi inafanya kazi gani

Ndani ya injini, nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia kwa pikipiki nyingi tunazotumia, kuna pleti za duara zilizopangwa kwa kupishana. Moja ina vipande vya kushikia vilivyogandishwa juu yake, inayofuata ni chuma kitupu, kisha tena ya vipande, hivyo hivyo hadi mwisho. Zote zinaogelea kwenye oili ya injini. Springi, mara nyingi nne, zinazibana zishikane. Zikishikana, nguvu ya injini inapita kwenye gia, kwenye mnyororo, mpaka kwenye tairi.

Unapovuta mkono wa klachi, waya unavuta kijimkono kilichopo kwenye injini, nacho kinazisukuma springi nyuma ili pleti ziachane. Waya hauna kazi nyingine. Kubana ni kazi ya springi. Kuachanisha ni kazi ya waya. Kwa hiyo waya uliokazwa kupita kiasi ni sawa na kuendesha huku mtu ameishika klachi nusu, kutwa nzima. Pleti hazibanwi sawasawa, zinasuguana, zinapata moto, zinaungua.

Hapo ndipo inapokuja haja ya ulegevu. Ulegevu ni ile safari fupi ya mkono wa klachi kabla haujaanza kuvuta kitu. Ukiusukuma kwa kidole kimoja unacheza bila uzito wowote, halafu ghafla unakutana na ugumu wa springi. Safari hiyo, ukiipima kwenye ncha ya mkono, kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa iwe milimita 10 hadi 20. Watengenezaji wengine hupima kule mkono unapokutana na kishikio chake, na huko nafasi huwa kama milimita 2 hadi 3, unene wa sarafu moja au mbili. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vinginevyo, fuata kitabu.

Jambo moja ambalo fundi yule alinifunza, nami sijaona likisemwa vya kutosha: ulegevu unakusimulia hali ya ndani bila kufungua kitu. Kwa pikipiki nyingi, pleti zikipungua unene ulegevu hupungua wenyewe, bila mtu kugusa spana. Waya ukivutika au nyuzi zake zikianza kukatika, ulegevu huongezeka. Basi ukiona umeongezeka, tazama waya. Ukiona unapotea, na wewe kila wiki unalegeza waya kuurudisha, pleti zinakuaga.

Jua kwanza ugonjwa ni upi

Klachi ina maradhi mawili makubwa, nayo yana dawa zinazopingana. Kuna klachi inayoteleza, na kuna klachi isiyoachia.

Inayoteleza utaijua kwenye mpando. Unaongeza resi, injini inapanda sauti, pikipiki haiendi. Barabara ya tambarare inaweza kukuficha wiki kadhaa. Wenzetu wa Paje na Jambiani huchelewa kugundua kwa sababu hiyo, ila mtu wa Mkoani anayepanda kutoka bandarini na abiria na mzigo wake anajua siku hiyo hiyo. Ukitaka uhakika, simama mahali pa wazi, weka gia ya juu, kamata breki zote mbili, toa resi kidogo kisha achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma huku pikipiki imesimama, inateleza. Jaribu mara moja tu, maana jaribio lenyewe linachoma pleti.

Isiyoachia ina dalili nyingine. Umesimama, umevuta klachi mpaka mwisho, na bado pikipiki inataka kwenda mbele. Gia zinaingia kwa kishindo. Unatafuta frii, yaani pale pasipo na gia, huipati mpaka uzime injini. Ili kupima, simamisha kwa stendi kubwa, washa, vuta klachi, weka gia ya kwanza. Tairi la nyuma likizunguka polepole asubuhi, oili ikiwa baridi, si neno. Kanyaga breki ya nyuma huku klachi umeivuta: tairi lisimame na injini iendelee. Injini ikizimika, klachi haiachi. Vidole na kanzu viwe mbali na mnyororo wakati wote huo.

Kishindo kimoja cha asubuhi, unapotia gia ya kwanza baada ya pikipiki kulala, hakihesabiwi. Pleti zimegandana kwa oili baridi. Kikiendelea mchana kutwa ndipo uulize.

Kurekebisha ulegevu, hatua kwa hatua

Unahitaji spana namba 10 na 12 (pikipiki nyingine 8 au 14), plaizi, rula ndogo ya mwanafunzi, kitambaa, na oili kidogo. Injini iwe imepoa. Simamisha pikipiki penye usawa, usukani ukitazama mbele.

1. Pima kwanza kabla hujafungua kitu. Weka rula kwenye ncha ya mkono wa klachi, sukuma kwa kidole mpaka ukutane na ugumu, soma. Iandike. Bila namba hiyo hutajua wiki ijayo kama hali inabadilika.

2. Kagua waya wote, juu hadi chini. Vua mpira unaofunika pale juu penye mkono. Vuta mkono polepole na utazame kichwa cha risasi kilichopo kwenye ncha ya waya: hapo ndipo nyuzi huanza kukatika, moja moja. Uzi mmoja ukiwa umechomoza kama unywele, usirekebishe kitu. Badilisha waya leo. Tazama pia ganda la nje, hasa linapopita karibu na injini yenye moto na pale linapojikunja chini ya taa.

3. Kwenye kishikio cha mkono kuna skrubu yenye tundu katikati, waya unapita humo, na ina ringi yake ya kuifunga. Legeza ringi kwa vidole. Ikigoma, tia tone la oili, usikimbilie plaizi kwa sababu ringi ni laini na inaharibika. Ukiizungusha skrubu iingie ndani, waya unalegea na ulegevu unaongezeka. Ukiizungusha itoke nje, waya unakazika. Marekebisho madogo yaishie hapa: fikisha kipimo, funga ringi.

4. Skrubu ya juu ikiwa imeshatoka zaidi ya nusu ya nyuzi zake, au imeingia yote na bado hakuna ulegevu, nenda chini. Kwanza irudishe ya juu ndani, ubakize mizunguko miwili mitatu. Kisha kwenye injini, pale ganda la waya linapoingia kwenye kibao cha chuma, utaona nati mbili zimekibana kibao huku na huku. Legeza moja, kaza nyingine, ganda linasogea. Sogeza kidogo, pima juu, sogeza tena. Ukipata milimita 10 hadi 20, zibane nati zote mbili zikutane na kibao.

5. Sasa geuza usukani kushoto mpaka mwisho, upime. Geuza kulia, upime. Ulegevu ubaki uleule. Ukipotea upande mmoja, waya umepita njia mbaya au umebanwa mahali. Kosa hili hujitokeza sana baada ya waya kubadilishwa haraka haraka, na linakutesa kwenye kona tu.

6. Tazama ule mpasuo uliopo kwenye skrubu na kwenye ringi. Usiuache ulingane na mpasuo wa kishikio, waya utachomoka siku moja na maji yataingia kila siku. Rudisha mpira wake.

7. Washa, fanya jaribio la kuachia kwenye stendi, halafu toka, tafuta mpando mfupi, jaribu kwa gia ya tatu au ya nne.

Kuna pikipiki ndogo zisizo na mkono wa klachi, unakanyaga gia tu. Hizo zina skrubu na nati kwenye kifuniko cha kulia. Kwa aina nyingi unalegeza nati, unazungusha skrubu kwa kufuata saa mzunguko mmoja, unairudisha kinyume polepole mpaka ikutane na kizuizi, kisha unaifuatisha saa tena moja ya nane ya mzunguko na kufunga nati bila kuiruhusu skrubu igeuke. Vespa nayo ina waya na pleti ndani ya oili, ila gia ziko kwenye mshikio wa kushoto. Kupima ulegevu ni kwa fikra ileile.

Waya na chumvi

Visiwani kwetu waya unakufa kabla ya wakati wake. Hewa ina chumvi, na anayeshuka Wesha au Mkoani kila alfajiri kuchukua samaki anairudisha nyumbani kwenye pikipiki. Masika, Machi hadi Mei, maji yanaingia kwa juu na kukaa ndani ya ganda. Kutu ikianza, mkono unakuwa mzito, waya haurudi vizuri, na klachi inabaki imeshikwa kidogo hata ukiiachia. Hapo inateleza kwa kosa la waya, na pleti ambazo bado nzima zinasingiziwa.

Namna ninayotilia oili ni hii. Nachomoa waya pale juu, nafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, urefu wa kidole, kuzunguka mdomo wa ganda kwa uzi mgumu mpaka kiwe kama kikombe. Naning'iniza juu, natia oili ya cherehani au oili nyepesi ya injini kijiko kimoja, nauchezesha waya juu na chini. Mwanzo hakuna kinachotokea. Baadaye kikombe kinapungua, na chini, kwenye injini, linaanza kudondoka tone la rangi ya kahawia lenye vumbi la kutu. Naendelea mpaka lidondoke safi. Usiku mmoja ukining'inia unatosha. Msitie mafuta ya kupikia wala ya nazi: yanakuja kunata na kushika vumbi, na baada ya mwezi waya ni mbaya kuliko ulivyoanza. Mimi nafanya hivi kabla ya masika na baada yake.

Oili ya injini ndiyo oili ya klachi

Watu husahau kwamba pleti zinaoga kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayozifanya pleti za pikipiki ziteleze. Kwenye kopo tafuta alama ya JASO MA au MA2. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiko ndani ya oili. Kama ulishatia ya gari na klachi ikaanza kuteleza, mwaga, tia inayostahiki, endesha siku chache bila mzigo mzito. Mara nyingine hurudi. Isiporudi, pleti zimeshaungua au zimelainika.

Oili iliyojazwa kupita alama nayo ina shida zake, na iliyochakaa ikawa nzito na nyeusi hufanya klachi isiachie. Angalia hili kabla hujalaumu kitu kingine.

Hapa weka spana chini

Marekebisho ya waya yana mwisho, na ni muhimu kuujua kwa sababu fedha nyingi hupotea pale mtu anapoupita.

Ulegevu upo sahihi, oili sahihi, na bado inateleza: injini ifunguliwe. Waya umeulegeza mpaka skrubu zote mbili zimeingia na ulegevu haupatikani: ifunguliwe. Umesikia harufu ya kuungua zaidi ya mara moja, au oili uliyomwaga ina harufu hiyo na chengachenga nyeusi: usiongeze hata safari moja. Kinyume chake, skrubu zote zimetoka mwisho na mkono bado unagusa mshikio bila klachi kuachia, badilisha waya kwanza. Ikibaki vilevile, kitu kinachosukuma ndani kimelika. Pikipiki ikitetemeka unapoachia klachi taratibu, ikaruka ruka kama inakwaruzwa, mara nyingi pleti za chuma zimepinda au bakuli linalozishika lina makovu. Na mlio wa kulialia unaokuja pale tu unapovuta klachi unaelekeza kwenye beringi ndogo ya kusukumia.

Unaweza kubadilisha pleti mwenyewe, lakini kama hujawahi kufungua kifuniko kile, nenda kwa fundi na ukae naye. Nasema ukae naye kwa sababu mambo ya maana yanafanyika kwa dakika chache. Muombe kwa adabu: "Fundi, nioneshe pleti za zamani." Ziweke pamoja na mpya, linganisha unene. Pleti ya chuma ilazwe juu ya kioo cha dirisha. Vitabu vingi huweka mwisho wa kupinda kwenye milimita 0.2. Ikiwa ina madoa ya buluu, imepata moto mkali, isirudi. Springi zisimamishwe pamoja mezani. Zilizofupika zinajulikana kwa macho, na zikibadilishwa zibadilishwe zote. Pita ukucha kwenye kingo za bakuli pale masikio ya pleti yanapogusa. Kovu dogo hupigwa tupa kidogo; kovu linalonasa ukucha kwa kina ni la kubadilisha bakuli, au pleti mpya zitanasa humo na klachi haitaachia.

Pleti mpya za vipande ziloweke kwenye oili ya injini kabla ya kufungwa, saa kadhaa, au bora zilale usiku. Zikifungwa kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza. Ndiyo sababu mimi hununua pleti jana yake, nikazilowesha kwenye sufuria kuukuu nyumbani, nikaenda kwa fundi nazo zikidondosha oili. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwani ni nyembamba na hukatika. Gasketi iwe mpya. Na msikubali kuwekewa washa (vile viringi bapa vya chuma) chini ya springi ili "zibane zaidi". Mkono unakuwa mgumu kama jiwe, waya unavutika, na ugonjwa uko palepale.

Ukishatoka gereji, pima ulegevu tena baada ya siku tatu nne. Pleti mpya hujipanga, na namba hubadilika.

Mikono yetu inaua klachi

Tazama kijana anayesubiri abiria kwenye mpando: gia imo, klachi nusu, resi kidogo, pikipiki imetulia haiendi wala hairudi. Kazi ya breki anaifanyisha pleti. Kanyaga breki, weka frii. Ukiwa safarini, ondoa vidole juu ya mkono wa klachi. Uzito wa vidole viwili tu unatosha kumaliza ule ulegevu wote. Ukipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au magunia, ondoka kwa gia ya kwanza, achia klachi yote mapema, kisha ndiyo uongeze resi. Kuondoka na gia ya pili penye kilima kunachoma.

Waya ukikatika njiani

Shusha abiria na mzigo. Weka frii, washa. Isukume kwa miguu mpaka ikimbie mwendo wa mtu anayetembea haraka, kisha kanyaga gia ya kwanza kwa uthabiti. Itaruka kidogo na kwenda. Kupandisha gia, punguza resi nukta ileile unayokanyaga. Kusimama, tafuta frii kabla hujafika, ukishindwa zima injini. Hii ni ya kufika kijijini au kwa fundi wa karibu, na si ya kupita sokoni wala karibu na skuli watoto wakitoka.

Ukifunga waya mpya, nunua wa pili siku hiyo hiyo. Utie oili, uupitishe sambamba na ule wa kwanza kwa njia ileile, ufunge kwa uzi sehemu tatu, ncha zote uzizibe kwa kipande cha tyubu maji yasiingie. Ukikatika usiku kati ya Chake na Wete, unahamisha vichwa viwili tu, juu na chini, unarekebisha ulegevu, unaondoka.